EKIPE NI YA NANI?
(Juu ya transferi za wachezaji na wenye kushika ekipe)



Kila siku ya kwanza ya juma, mbele ya kengele ya asubuhi, kuko makelele chini ya mwembe. Wasupota wa Mazembe wako upande mmoja, wale wa Lupopo upande mwingine, na katikati kuko wadogo wa mwaka wa kwanza ambao wanapiga kelele bila kujua juu ya nini. Hiyo tumeizoea. Lakini siku hizi makelele yamebadilika. Hawabishani tena sana juu ya bute na penalti. Wanabishana juu ya feza. Mmoja anasema: «Juu ya nini wanauza kila mara mchezaji wetu mwema?» Mwingine anajibu: «Ekipe si yako, ni ya mwenye feza.» Wa tatu anauliza: «Na kama mwenye feza anakwenda zake, tutabaki na nini?»

Komite ya gazeti iliombwa kueleza mambo haya. Katika sisi kuko wasupota wa pande zote mbili, kwa hiyo tulikubaliana kwanza: hapa hatutafuti nani ana haki, tunatafuta kufahamu tu.

1. Kuuza mchezaji, maana yake nini?

Tunazoea kusema «wamemuuza», sawa vile mtu anauza mbuzi kwenye soko. Hapana. Mtu hauzwi. Kitu kinachouzwa ni ile kontra yake. Mchezaji ametia mkono kwamba atacheza katika ekipe fulani miaka mitatu. Mwaka mmoja umepita, ekipe ingine inamtaka. Basi ile ingine inalipa ili ya kwanza ikubali kuvunja miaka miwili yenye kubaki. Hiyo njo transferi.

Na kama miaka yote mitatu imekwisha? Hapo zamani, hata kontra ikiisha, ekipe iliweza kumzuia mchezaji na kudai feza. Mchezaji mmoja wa Ubelgiji, jina lake Jean-Marc Bosman, alikataa jambo hilo. Katika mwaka wa 1990 kontra yake na ekipe ya Liège iliisha, naye alitaka kwenda Dunkerque, Ufaransa. Njia ikafungwa. Akaenda kushitaki. Alingoja miaka mitano, na maisha yake ya mpira yaliharibika katika kungoja. Siku ya 15 Desemba 1995 Korti ya Haki ya Ulaya, kule Luxembourg, ilikata neno: kontra ikiisha, mchezaji ni huru kwenda katika inchi ingine ya umoja wao, na hakuna wa kudai bei yake. Kiisha sheria hiyo ilienea pahali pengi.

Tufahamu basi. Ekipe ambayo inamshika mchezaji wake mpaka siku ya mwisho ya kontra inaweza kumpoteza bure kabisa, bila hata franka moja. Njo maana wakubwa wa ekipe wanamuuza mbele, hata wakati supota analia. Pengine si tamaa. Pengine ni hesabu.

2. Mfano wa Samatta

Wote tunamjua Mbwana Samatta, kijana wa Tanzania. Katika mwaka wa 2011 alicheza na Simba ya Dar es Salaam juu ya Mazembe katika kikombe cha Afrika. Alionyesha uwezo wake, na mwaka uleule Mazembe ilimleta Lubumbashi. Hapa wasupota wa Simba njo walilia. Katika mwaka wa 2015 Mazembe ilichukua kikombe cha mabingwa wa Afrika mara ya tano (1967, 1968, 2009, 2010, 2015), na Samatta alifunga mabute saba. Katika mwezi wa Januari 2016 alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Mwezi uleule alikwenda Genk, Ubelgiji. Hapo sisi njo tulilia.

Je, kilio chetu kilikuwa na haki? Tuangalie vile ilivyokuwa. Katika mwaka wa 2016 Mazembe ilitolewa na Wydad ya Casablanca mbele ya kufika katika makundi ya kikombe cha mabingwa. Basi wale wanaosema «tulipungukiwa» wako na sababu. Lakini mwaka uleule, ekipe ileile iliingia katika kikombe cha pili cha Afrika, kile cha Shirikisho, na ikakichukua. Mwaka wa 2017 ikakichukua tena. Kwenda kwa mchezaji mmoja kunaumiza, lakini hakuui ekipe kama nyuma yake kuko kazi yenye kupangwa.

Tusisahau jambo lingine. Mandugu wa Simba walilia juu yetu, nasi tukalia juu ya Genk. Mwenye kulia leo, jana alimliza mwingine. Wenzetu wa Lupopo na wa ekipe ndogo za Katanga wanasema neno hilo kila mwaka, wakati wachezaji wao wanavuka upande wa mwenye feza mingi. Tuwasikilize.

3. Feza inaenda wapi?

Wengi wanafikiri feza yote inaingia katika mfuko wa prezidenti. Kuko sheria ambayo watu wachache wanaijua. FIFA inasema: mchezaji akihamia inchi ingine kwa feza, mbele kontra yake haijaisha, sehemu tano katika mia zinatolewa kwa ekipe zilizomfundisha tangu miaka 12 mpaka miaka 23. Inaitwa feza ya mshikamano.

Tufanye hesabu, walimu wa matematika wasitucheke. Mchezaji amehama kwa dola 1.000.000. Sehemu tano katika mia ni dola 50.000. Kwa kila mwaka wa masomo ya mpira tangu 12 mpaka 15, ekipe iliyomfundisha inapata dola 2.500. Kwa kila mwaka tangu 16 mpaka 23, inapata dola 5.000. Jumlisheni: miaka minne ya kwanza inatoa 10.000, miaka minane ya nyuma inatoa 40.000. Jumla ni 50.000.

Sasa fikirini ekipe ndogo ya mtaa, ambayo haina hata balo mbili, lakini ilimlea kijana miaka mitatu, tangu 16 mpaka 18. Inaweza kupata dola 15.000! Ni jwere, ni viatu, ni kiwanja chenye ukuta. Lakini kuko sharti: jina la yule kijana liwe limeandikwa katika vitabu vya mpira vya inchi, mwaka kwa mwaka. Ekipe ambayo haiandiki, haipati. Kijana anatoka, feza inapita juu yao sawa ndege.

4. Karatasi moja inaweza kuangusha ekipe

Wamoja wanasema: «Karatasi ni mambo ya wazungu.» Basi wakumbuke mwaka wa 2011. Mazembe ilikuwa imechukua kikombe cha Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Tena katika mwezi wa Desemba 2010, kule Abu Dhabi, iliangusha Pachuca ya Mexico 1-0 na Internacional ya Brazil 2-0, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kikombe cha dunia cha ekipe. Inter ya Milano iliishinda 3-0, lakini mji wote ulicheza ngoma.

Mwaka wenye kufuata, Mazembe ilitoa Simba, ikatoa Wydad. Kiisha Simba ilishitaki kwa CAF: mchezaji Janvier Besala Bokungu hakuwa na haki ya kuvaa jwere ya Mazembe, juu ya kontra yake na Espérance ya Tunis. CAF ilikubali. Mazembe ikatolewa katika kikombe, hata kama kiwanjani ilishinda. Simba na Wydad walirudishwa kucheza mechi moja kule Cairo, na Wydad ikapata 3-0.

Kila mmoja aelewe. Supota aliyetembea kwa miguu mpaka kwenye kiwanja, aliyeimba mpaka sauti kukauka, alipoteza kikombe kwa sababu ya kontra ya mtu mmoja. Tangu mwezi wa Oktoba 2010 transferi za inchi na inchi zinapita katika mashine moja ya FIFA, na pande mbili zote zinaandika mambo yaleyale. Zisipopatana, cheti cha kuhama hakitoki.

5. Sasa, ekipe ni ya nani?

Hapa njo makelele yanazidi. Tuanze na historia. Mazembe ilizaliwa mwaka wa 1939 mikononi mwa wamisionere Wabenedikto. Kiisha ilichukua jina la Englebert, ni jina la mipira ya motokari. Vilevile Lupopo, ambayo ilizaliwa mwaka uleule wa 1939, ilijulikana kuwa ekipe ya watu wa njia ya reli. Katika mwaka wa 1997 Bwana Moïse Katumbi alianza kuongoza Mazembe, na kwa feza yake ekipe ilipata wachezaji wa inchi nyingi, tena kiwanja chake yenyewe kule Kamalondo, kilichofunguliwa mwaka wa 2011.

Tunaona nini? Tangu mwanzo ekipe zetu zilikuwa na mtu au kazi ya kuegemea: misioni, kiwanda, reli, tajiri. Kwa desturi yetu ekipe ni chama, iko na komite na prezidenti, na prezidenti anatoa feza. Mtu hanunui ekipe sawa nyumba. Lakini mwenye kulipa mishahara, sauti yake inasikilika kupita ya wengine. Na tukiwa watu wa haki, tuseme asante: bila wao vikombe vingi visingefika.

Woga wa wasupota ni huu: na kama anaanguka? Katika mwezi wa Mei 2016 Bwana Katumbi alitoka katika inchi kwa sababu ya mambo ya siasa, akarudi mwezi wa Mei 2019. Wengi walisema Mazembe imekwisha. Haikukwisha. Vile vikombe viwili vya Shirikisho vililetwa wakati yeye hakuwa hapa. Aliendelea kuwa prezidenti, ni kweli, lakini kazi ya kila siku ilifanywa na wale waliobaki. Huo ni ushuhuda kwamba ekipe yenye kiwanja chake, yenye walimu na vijana wa kufundishwa, inaweza kusimama wakati wa upepo. Ile ambayo iko na mfuko wa mtu mmoja tu, upepo unaibeba. Wazee walisema: mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Inchi zingine zimetafuta dawa. Kule Ujeremani, tangu 1998 sheria ya ligi inataka wanachama wa ekipe wabaki na zaidi ya nusu ya sauti, hata tajiri akileta feza ya namna gani. Kwa jirani zetu wa Tanzania, katika mwezi wa Desemba 2017, tajiri Mohammed Dewji alishinda tenda ya kuchukua sehemu ya Simba kwa shilingi bilioni 20. Asilimia 51 ilipaswa kubaki kwa wanachama. Haiko dawa ya kuponya yote, maana hata huko ugomvi haukosekani. Lakini supota mwenye kadi ya uanachama anaweza kusimama katika mkutano na kuuliza: «Feza ya transferi iko wapi?» Yule ambaye hana kadi anauliza paka chini ya mwembe.

6. Neno kwa wenzetu wanaocheza

Tungeweza kumaliza hapa, lakini kuko jambo linalotuuma. Mwenzetu mmoja, hatutaji jina lake, mguu wake wa kushoto mnaujua wote. Alikuwa na miaka 16. Mtu mmoja alifika kwa wazazi wake, akajiita «manajeri», akasema atamtafutia ekipe kule Ulaya. Aliomba feza ya pasipoti, kiisha ya viza, kiisha ya tikiti. Baba aliuza kinga yake, mama aliuza mashini ya kushona. Mtu yule hakuonekana tena. Mwenzetu alikosa miezi mitatu ya masomo, akarudi, anaketi nyuma ya darasa, hasemi mingi.

Kama tungejua sheria, tungeweza kumwambia mbele. FIFA inakataza transferi ya inchi na inchi kwa kijana ambaye hajatimiza miaka 18, isipokuwa katika mambo machache sana, kwa mfano wazazi wakihama wenyewe kwa sababu isiyo ya mpira. Ekipe ya kweli inamwandikia kijana, na inaandikia ekipe yake vilevile. Haimwombi mama mashini ya kushona. Basi mtu akija kwako na ahadi, umuulize mambo matatu: karatasi iko wapi, ekipe gani imeandika, na juu ya nini mimi njo ninalipa? Kiisha umwonyeshe mwalimu, mbele ya kutia mkono.

Tuendelee kubishana chini ya mwembe, si vibaya. Lakini tubishane tukijua. Na yule mwenzetu, mumpe balo wakati wa mapumziko, mumwazime na makaye ya fizika. Mtihani uko karibu.

Mwenye kuwa na neno la kusahihisha, aandike. Sanduku la gazeti liko kwenye mlango wa biro ya Prefe.

Komite ya gazeti