Mionzi si moto wa mabua

Majuzi sokoni Soy, kando ya barabara itokayo Eldoret kuelekea Kitale, jirani yangu mmoja alinivuta pembeni. Mama yake amepatikana na saratani ya umio, ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. "Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "wanasema mama atachomwa kifuani. Moyo wake utasalimika kweli?" Jamaa zake walikuwa wamekaribia kukata shauri kwamba mgonjwa abaki nyumbani.

Nikiwa mwanaisimu, lililonishtua kwanza ni neno lenyewe. "Kuchomwa" ndilo jina ambalo wengi wetu tumeipa tiba ya mionzi. Mkulima wa huku akilisikia huwaza moto wa mabua, ambao ukishawashwa haubagui kibichi wala kikavu. Neno baya huweza kumnyima mtu tiba.

Ukweli ni kwamba kazi kubwa ya tiba hiyo hufanywa kabla mashine haijawashwa. Umio umepita mahali pa hatari: nyuma yake uti wa mgongo, mbele yake moyo, na mapafu pande zote mbili. Hapo zamani wataalamu walitegemea picha bapa za eksirei, na mionzi ikapitishwa katika eneo pana lililogusa viungo vizima pamoja na uvimbe. Baadaye zikaja picha za kompyuta zionyeshazo kina, ikawezekana kuupa mwale umbo la uvimbe wenyewe. Siku hizi ipo mbinu ya tatu: nguvu ya mionzi hupunguzwa hapa na kuongezwa pale, pengine mashine ikimzunguka mgonjwa.

Hata hivyo, mbinu mpya haishindi katika kila jambo. Aghalabu hupunguza mionzi mikali moyoni, ila huweza kutawanya mionzi hafifu katika sehemu kubwa zaidi ya mapafu. Ndiyo sababu wataalamu huweza kuandaa mipango zaidi ya mmoja kwa mgonjwa yule yule, wakailinganisha. Uti wa mgongo, kwa mfano, kwa kawaida hauruhusiwi kupita grei 45 hadi 50 katika tiba nzima.

Kwa miaka mingi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, ndiyo pekee ya umma iliyotoa tiba hii nchini. Leo imetusogelea hata hapa Eldoret, nasi twashangilia mashine. Lakini mashine bila wanafizikia wa tiba ni jembe bila mkulima. Na mpango mzuri usioelezwa kwa lugha ya mgonjwa humwacha na hofu ile ile. Madaktari na waeleze, nasi wanaisimu tuwape istilahi zisizotisha.

Kuuliza si ujinga. Nilimshauri jirani yangu aulize mambo matatu: ni viungo gani vilivyo karibu na uvimbe, kila kimoja kitapata mionzi kiasi gani, na kwa nini mpango huu umechaguliwa badala ya mwingine. Wiki iliyofuata alinipitia nyumbani. Alikuwa ameonyeshwa picha kwenye kompyuta.

"Mwalimu," akasema, "kumbe moyo wa mama wameuzungushia ua."

Mama huyo ameanza tiba.