Tuzifahamu Alama za Benki

Si nyumba chache za Unguja na Pemba zinazotegemea fedha za jamaa walioko Muscat, Dubai au London. Fedha hizo hulipa karo, hutibu wagonjwa na huezeka mapaa. Yafaa basi kila mwananchi aifahamu alama ya BIC, ambayo wengi huiita SWIFT, inayodaiwa na benki za ng'ambo kabla ya kupeleka fedha.

Alama hiyo ina herufi 8 au 11. Tutazame NMIBTZTZ, alama ya Benki ya NMB. Herufi nne za mwanzo huitaja benki. Mbili zifuatazo huitaja nchi: TZ ni Tanzania, kama OM ilivyo Oman na GB Uingereza. Mbili nyingine huikamilisha alama. Kwa hiyo TZ ya pili si kosa la mpiga chapa, wala isifutwe. Tatu za mwisho, zikiwapo, hutaja tawi.

SWIFT ni ushirika wa mabenki ulioanzishwa nchini Ubelgiji mwaka 1973, ukaanza kupeleka ujumbe mwaka 1977. Ushirika huu haubebi fedha, bali maagizo. Benki hulipana kupitia akaunti zilizofunguliana. Zisipokuwa nazo, benki ya tatu huingia kati, nayo huweza kutoza ada yake. Ndiyo maana mara nyingine fedha hufika pungufu.

Jambo kubwa ni hili: alama huzifikisha fedha mlangoni mwa benki tu. Kuzifikisha kwa mwenyewe ni kazi ya nambari ya akaunti na jina lake kamili, kama lilivyoandikwa benki, si lile aitwalo mtaani. Pakikosewa, fedha huweza kukwama au kurudishwa zilikotoka, na huku mwanafunzi anangojea karo.

Alama ya benki si siri. Mpe jamaa yako bila hofu. Nambari ya siri ya akaunti ndiyo isiyotolewa kwa yeyote, kwani haihitajiki hata kidogo katika kupokea fedha.

Twaziomba benki zibandike maelezo haya madirishani kwa Kiswahili chepesi, na wakuu wa wilaya wayafikishe kwa masheha. Ni gharama ndogo ya karatasi, lakini itawaondolea wananchi hasara na safari nyingi za bure.