Usukani wa baiskeli: Tazama mzigo na breki kabla ya urembo

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa dagaa anayetoka Ujiji alfajiri kwenda mwalo wa Kibirizi, kaskazini mwa mji wa Kigoma, hutumia mikono yake kuliko anavyodhani. Miguu ndiyo inayozungusha pedeli, lakini mikono ndiyo inayobeba uzito wa kifua, inayopokea kila shimo la barabara na inayokamata breki wakati wa kuteremka kutoka Mwanga kuelekea stesheni ya reli.

Hata hivyo, anaponunua baiskeli au anapoipeleka kwa fundi, maswali yake mengi huwa ni kuhusu tairi, rimu na keria. Usukani huchukuliwa kama ulivyo, au hubadilishwa kwa sababu tu ule mpya unang'aa.

Ingawa pikipiki zimeenea, baiskeli bado ndiyo chombo cha mkulima na mchuuzi asiyetaka faida yake iishie kwenye mafuta. Kabla ya kutoa fedha kwa usukani mpya, mtu huyo anapaswa kujua mambo matatu: mwili wake, mzigo wake na aina ya breki zake. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linaloweza kugharimu maisha.

Aina zilizopo

Usukani wa kwanza ni ule wa baiskeli za kazi, kama Phoenix ya China au Hero na Avon za India. Umepinda kurudi nyuma kumwelekea mwendeshaji, naye hukaa wima huku akiona mbele. Umbo hili lilianzia Uingereza, na mafundi wa huko huliita North Road.

Wa pili ni ule ulionyooka, unaokuja na baiskeli za mlimani. Unampa mtu nguvu ya kuongoza gurudumu kwenye njia mbovu, lakini humfanya ainame na kuegemea viganja.

Wa tatu ni ule uliokunjwa kuelekea chini wa baiskeli za mashindano. Huo ni wa kukimbia na kukata upepo. Kwa mtu mwenye tenga la samaki nyuma, haufai.

Kwa safari ya kila siku ya Ujiji na Kigoma, ambayo kwa njia moja haifiki kilomita 10, usukani uliopinda kurudi nyuma ndio unaopumzisha mwili zaidi. Wengi huuona wa kizamani, lakini ulibuniwa kwa kazi hasa ya aina hii.

Ganzi ni dalili

Wapo wanaofika sokoni vidole vikiwa na ganzi, hasa kidole cha mwisho na kile kinachofuata. Sababu yake ni mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Kiganja kikibanwa na usukani kwa muda mrefu, mshipa huo hugandamizwa. Ukipuuza hali hiyo kwa miezi mingi, mkono unaweza kupungua nguvu ya kushika.

Dawa ya kwanza haihitaji fedha. Angalia kiti. Kama pua ya kiti imeinama mbele, mwili unateleza na mikono inalazimika kuuzuia. Fundi alegeze nati, kiti kikae sawa, kisha jaribu kwa siku chache.

Ikiwa bado unaumia, inua usukani. Kwa safari za kawaida, sehemu ya kushikia inafaa iwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Viwiko vikunjike kidogo, na kifundo cha mkono kikae kimenyooka kama unapompa mtu mkono kumsalimia. Upana uwe sawa na mabega yako au uzidi kidogo. Usukani mpana mno utagonga watu na mabanda kwenye vichochoro vya soko.

Kuinua kwa usalama

Kwenye baiskeli nyingi za zamani, shingo ya usukani ni bomba linaloingia ndani ya fremu na kukazwa na bolti ndefu kutoka juu. Bolti hiyo hulegezwa mizunguko michache tu, kisha huwekwa kipande cha ubao juu yake na kugongwa kwa nyundo mara moja. Kabari ya ndani ikiachia, shingo hupanda.

Usiipandishe kupita alama iliyochorwa kwenye bomba. Kama alama haipo au imefutika, hakikisha sentimita 6.5 au zaidi zimebaki ndani. Shingo iliyobaki na kipande kidogo ndani inaweza kuchomoka au kuvunjika baiskeli ikiruka shimo.

Breki kwanza

Hapa ndipo penye hatari. Baiskeli nyingi za kazi zina breki za fito, yaani vyuma vinavyoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Ukiinua usukani, fito nazo huvutwa juu na breki huanza kukwaruza rimu. Ukiushusha, fito hulegea na breki inaweza isishike kabisa. Kwa hiyo, kila usukani unapohamishwa, fito zirekebishwe siku hiyo hiyo, kabla baiskeli haijaondoka kwa fundi.

Aidha, kwenye nyingi ya baiskeli hizo usukani na shingo vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, na vishikio vya breki vimefungwa hapo hapo. Anayetaka kuweka usukani ulionyooka hulazimika kubadili mfumo mzima wa breki. Gharama yake mara nyingi haina maana kwa mtu ambaye usukani wake wa zamani ulikuwa mzuri tangu mwanzo.

Mwenye baiskeli ya mlimani yenye breki za waya ana nafuu zaidi. Anaweza kuondoa usukani ulionyooka na kuweka uliopinda nyuma, mradi waya ziwe na urefu wa kutosha. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Kama waya inakaza, au breki inajibana yenyewe, nunua waya ndefu zaidi.

Nenda dukani na usukani wa zamani mkononi. Sehemu ya katikati inayobanwa ina milimita 25.4 kwa baiskeli nyingi za miaka ya nyuma, wakati nyingi za kisasa zina milimita 31.8. Usikubali mwembamba uzungushiwe bati la kopo ili ukaze. Bati huteleza, nao usukani hugeuka ukiwa mteremkoni.

Mzigo na mlima

Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Madumu mawili ni zaidi ya kilo 35, na mahali pake ni kwenye keria, si kwenye usukani. Hata kidumu cha lita 5 kilichoning'inizwa upande mmoja huvuta gurudumu la mbele na kuyumba kila unapokata kona.

Mzigo wa nyuma nao una shida yake. Ukizidi, gurudumu la mbele huwa jepesi wakati wa kupanda, na usukani uliopinda nyuma huongeza wepesi huo kwa kuwa mwendeshaji amekaa wima. Funga mzigo karibu na kiti kadiri inavyowezekana. Mlima ukiwa mkali, shuka usukume.

Katika kusukuma, Wavietnam waliacha somo kubwa. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu dhidi ya Wafaransa, walisafirisha chakula na silaha kwa maelfu ya baiskeli zilizosukumwa kwa mikono. Walifunga mwanzi kwenye upande mmoja wa usukani, msukumaji akatembea kando ya mzigo huku akiongoza gurudumu. Baiskeli moja iliweza kubeba kilo 200 na zaidi. Mkulima anayesukuma mkaa au muhogo anaweza kufanya hivyo kwa fimbo imara, lakini aifungue kabla ya kupanda na kuendesha.

Mafuta na kutu

Kwa wauza mawese, adui mwingine ni mafuta yenyewe. Hulainisha na kuharibu mipira ya kushikia hadi ikazunguka mkononi. Yakifika kwenye rimu, breki hazishiki. Osha kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe, na mpira uliolegea ubadilishwe.

Angalia pia ncha za usukani. Bomba lililo wazi linaweza kumchoma mtu tumboni akianguka, na wanaoumia zaidi kwa namna hiyo ni watoto. Kizibo cha mti kilichochongwa vizuri kinatosha. Usukani wenye ufa au kutu iliyokula chuma karibu na shingo usichomelewe. Chuma kando ya mahali palipochomelewa hudhoofika, na unaweza kukatika bila onyo.

Jaribu kabla ya kulipa

Kwa mwenye fedha kidogo, utaratibu ni huu: kwanza sawazisha kiti, pili inua au shusha usukani na kurekebisha breki, tatu badili mipira ya kushikia. Usukani mpya uje mwisho, kama hayo matatu hayakusaidia.

Fundi akimaliza, usiondoke hapo hapo. Simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kwa magoti yako na ujaribu kuuzungusha usukani kwa nguvu. Kisha ukandamize chini kwa uzito wa mwili wako. Ukicheza, arudie kukaza. Mwisho, sukuma baiskeli ikiwa na mzigo wako wa kawaida na ukamate breki zote mbili, moja baada ya nyingine. Baiskeli ikisimama, mlipe fundi wako na uende sokoni.