Bei za zamani za hisa zisikudanganye, jifunze kwanza kuzisoma

MKULIMA wa miwa wa Muhoroni hahitaji mwalimu wa kumweleza kwamba bei si pesa. Bei ya tani ikishatangazwa huwa moja kwa wote, lakini siku ya malipo ikifika, kila mmoja hukatwa gharama za kuvuna, za kusafirisha, za mbegu na za mbolea aliyokopeshwa. Kinachobaki ndicho chake. Ndiposa anayetaka kujua iwapo shamba lilimlipa haishii kwenye bei ya tani. Hutoa stakabadhi na kusoma mstari wa mwisho.

Hekima hiyo ya bonde la Nyando ndiyo inayokosekana mtu anapoonyeshwa bei za zamani za hisa kwenye simu. Mawakala wa uwekezaji huzitoa kama ushahidi: hisa hii ilikuwa hapa mwaka ule, leo iko pale. Na siku hizi bei hizo si za Soko la Hisa la Nairobi (NSE) pekee. Zipo pia za mifuko ya ng'ambo inayoahidi kuzidisha mwendo wa soko mara mbili au mara tatu, na mstaafu anaweza kutia humo kiinua mgongo cha miaka 30 ya kazi kwa kubofya simu mara chache tu.

Huenda orodha yenyewe isiwe na uongo hata chembe. Tatizo ni kwamba mara nyingi hujibu swali ambalo msomaji hakuliuliza.

Tuanzie karibu na nyumbani. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliorodheshwa NSE mnamo Novemba 2001, na hisa moja iliuzwa kwa umma kwa Sh6.25. Mnamo Desemba 2006 serikali iliuza hisa zake nyingine milioni 91.8, safari hii kwa Sh49.50 kila moja. Baadaye kampuni iliwapa wenye hisa hisa mbili za ziada, bila malipo, kwa kila moja waliyokuwa nayo. Jumla ya hisa ikapanda kutoka milioni 510 hadi bilioni 1.53.

Ugali ulibaki ule ule, ila sasa ulikatwa vipande vitatu pale palipokuwa na kimoja. Ilikuwa lazima bei ya kipande kimoja ishuke hadi karibu thuluthi, na kushuka huko hakukumpunguzia mwenye hisa hata senti.

Hapa ndipo orodha za bei hugawanyika mara mbili. Orodha ya bei mbichi huandika kilicholipwa siku ile: Sh6.25, Sh49.50, kisha poromoko la ghafla. Orodha ya bei zilizorekebishwa hugawanya bei zote za kabla ya nyongeza kwa tatu, ili vipande vya leo vilinganishwe na vipande vya jana. Humo, Sh6.25 za mwaka wa 2001 huwa takribani Sh2.08, na Sh49.50 za mwaka wa 2006 huwa Sh16.50. Hakuna aliyenunua hisa hiyo kwa Sh16.50 Desemba ile, lakini hiyo ndiyo nambari inayofaa kwa ulinganisho.

Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Mnamo Septemba 2019 Mumias iliwekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni, na uuzaji wa hisa zake ukasimamishwa bei ikiwa senti 27. Aliyenunua hisa 1,000 mwaka wa 2006 alitoa Sh49,500. Baada ya nyongeza alikuwa na hisa 3,000, hivyo mali yake kwa bei hiyo ya mwisho ilikuwa Sh810, mbali na magawio ya faida aliyopokea katikati. Anayetumia bei mbichi bila kukumbuka nyongeza angesema alibaki na Sh270. Msiba ni mkubwa kwa hesabu zote mbili, lakini ni moja tu iliyo sahihi.

Mfano wa pili hauna msiba. Mwaka wa 2009 benki ya Equity iligawanya kila hisa moja kuwa 10. Anayesoma bei mbichi pekee angedhani benki hiyo ilipoteza asilimia 90 ya thamani yake kwa siku moja, ilhali hakuna aliyepoteza chochote.

Kwa hivyo swali la kwanza la kuuliza mbele ya orodha yoyote ni hili: je, bei hizi ni mbichi au zimerekebishwa? Na kama zimerekebishwa, ni kwa mgawanyo wa hisa peke yake au na magawio ya faida pia?

Sasa tuvuke hadi kwenye mifuko. Kuna mifuko ya uwekezaji ambayo vipande vyake huuzwa na kununuliwa sokoni kama hisa za kawaida. NSE iliupokea wa kwanza mnamo Machi 2017, mfuko wa NewGold unaofuata bei ya dhahabu. Huo hauzidishi kitu: dhahabu ikipanda kwa asilimia moja, nao hukusudia kupanda takriban kiasi hicho hicho.

Mifuko ya kuzidisha ni jamii nyingine. Ilianza kuuzwa Marekani mnamo Juni 2006, na hutumia mikopo na mikataba ya kifedha ili soko likipanda kwa asilimia moja, mfuko upande kwa mbili au tatu. Soko likishuka, nao hushuka kwa kiasi hicho hicho. Neno ambalo wengi hulipita katika maelezo yake ni "kila siku". Ahadi ya kuzidisha ni ya siku moja. Kesho hesabu huanza upya, kutoka pale mfuko ulipolala.

Tuchukue mfano wenye mwendo mkubwa kuliko wa kawaida ili hesabu iwe nyepesi. Soko liko 100. Siku ya kwanza lapanda kwa asilimia 25 na kufika 125. Siku ya pili lashuka kwa asilimia 20 na kurudi pale pale, 100. Mfuko wa mara mbili ulipanda kwa asilimia 50 hadi 150, kisha ukashuka kwa asilimia 40 hadi 90. Mfuko wa mara tatu ulipanda hadi 175, kisha ukapoteza asilimia 60 na kubaki 70.

Soko halikupoteza kitu; mwenye mfuko wa mara tatu amepoteza asilimia 30. Siku mbili kama hizo zikijirudia, soko litakuwa bado 100 na mfuko wake utakuwa 49. Haukuibwa na mtu. Umesagwa na panda-shuka.

Haki itendeke: soko likienda upande mmoja bila kuyumba, hesabu hiyo hiyo humfaa mwenye mfuko. Likipanda kwa asilimia 10 siku tatu mfululizo, litafika 133.1, na mfuko wa mara mbili utafika 172.8. Hiyo ni faida ya asilimia 72.8, zaidi ya mara mbili ya 33.1. Ndiyo maana orodha ya bei iliyochukuliwa katika miaka ya neema huvutia mno. Lakini haielezi lolote kuhusu miaka ya kuyumba.

Mfuko ukisagwa muda mrefu, bei ya kipande huwa ndogo mno, na wasimamizi huviunganisha: vipande 10 vya dola 2 huwa kimoja cha dola 20. Ni kinyume cha ugali wetu. Orodha iliyorekebishwa nayo huzidisha bei zote za nyuma kwa 10. Muungano huo ukifanyika mara tatu, bei za mwanzo zitakuwa zimezidishwa kwa 1,000, na kipande kilichonunuliwa kwa dola 40 kitaandikwa dola 40,000.

Huo ndio mtego mkubwa kuliko yote. Msomaji huona 40,000 kule nyuma na 20 hapa leo, akajiambia kuwa kitu kilichofika kule kinaweza kurudi walau nusu ya njia. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kulipa dola 40,000. Nambari hiyo si kilele cha zamani. Ni alama ya kiasi cha fedha za watu kilichoyeyuka.

Kisha kuna wasioonekana kabisa. Orodha za leo huonyesha mifuko iliyo hai. Mnamo Februari 5, 2018, hati maarufu iliyojulikana kama XIV, iliyotolewa na benki ya Credit Suisse ili kwenda kinyume cha kipimo cha msukosuko wa soko la Marekani, ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake, na mwezi huo huo ikafungwa. Anayepima bahati yake kwa kutazama walionusurika peke yao ni kama anayehesabu usalama wa ziwa kwa kuwauliza wavuvi waliofika ufuoni.

Mkenya ana safu moja zaidi ambayo orodha za ng'ambo hazina: shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa takribani Sh160. Kufikia Agosti ilikuwa karibu Sh129. Aliyenunua dola wakati ule na kuzirudisha nyumbani Agosti alipoteza karibu asilimia 19 hata kama mfuko wake haukusogea.

Mambo haya si siri. Mnamo Agosti 2009, tume ya hisa ya Marekani (SEC) na shirika la FINRA ziliwaonya wawekezaji wa kawaida kuwa mifuko ya kuzidisha inaweza kuwapa hasara kwa kipindi kirefu hata pale kipimo kinachofuatwa kimepanda. Hapa nyumbani, Mamlaka ya Masoko ya Mtaji (CMA) huchapisha orodha ya kampuni zenye leseni, na ni busara kuitazama kabla ya kutuma pesa kwa yeyote.

Ukiletewa bei za zamani, basi, usiulize zilipanda kiasi gani. Uliza: ni mbichi au zimerekebishwa? Kuzidisha ni kwa siku au kwa mwaka? Vipande vimeunganishwa mara ngapi? Ni mifuko gani ya aina hii iliyokufa? Kisha chukua Sh100,000 za kubuni, uzitie humo tarehe unayoitaka, uzipitishe katika ada, kodi na ubadilishaji wa dola, na uandike kilichobaki.

Huo ndio mstari wa mwisho wa stakabadhi. Asiyeweza kukuonyesha mstari huo anakuuzia bei ya tani.