Fahamu: Kwa nini wapenda safari waliisubiri Himalayan 450 iboreshwe

Royal Enfield ya India ilizindua pikipiki ya Himalayan 450 mwishoni mwa 2023, ikiwa na injini ya cc 452 inayopozwa kwa maji. Nguvu ilipanda sana kuliko ya mtangulizi wake. Hata hivyo, wengi hawakununua mara moja. Kisa ni ringi zake za spoku.

Ringi ya spoku ya kawaida ina matundu, upepo hupenya humo, hivyo tairi huhitaji tyubu. Pancha ikikupata porini, unafungua gurudumu zima, unabandua tairi, unatoa tyubu na kuiziba, jua likikuchoma. Tairi isiyo na tyubu huzibwa kwa nje, gurudumu likiwa palepale.

Mwaka 2024 ringi za spoku zisizohitaji tyubu za pikipiki hii zikaingia sokoni India. Waliosubiri walikuwa na haki. Ukinunua iliyotumika, kagua ringi kabla hujalipa.