Kuzama Majini: Hatari Isiyopiga Kelele

Mvua zinapoanza kunyesha Nachingwea na Ruangwa, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, mashimo mengi hugeuka kuwa mabwawa. Shimo la udongo wa matofali, lambo la mifugo, kisima kifupi kisicho na mfuniko na shimo lililoachwa na wachimbaji wadogo wa madini hujaa maji ya tope ambayo kina chake hakionekani. Mvua hukoma Aprili au Mei, lakini maji hubaki, na watoto huyazoea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa. Kitabibu, msemo huo huweza kumpotosha mlezi. Mtoto anayezama mara nyingi hana nguvu ya kutapatapa wala pumzi ya kuita. Huzama kimya, kwa dakika chache, pengine hatua chache kutoka jikoni.

Kinga huanzia nyumbani. Mtoto mdogo aangaliwe na mtu mzima, si na mtoto mwenzake. Kisima kiwekwe mfuniko imara, na shimo lisilotumika lifukiwe. Mwenye kifafa asioge mtoni wala kuteka maji kisimani peke yake, na asikatize dawa; mhudumu amkumbushe hayo kila aendapo kliniki. Kijito kilichofurika kisivukwe kwa miguu hadi maji yapungue.

Anapoonekana mtu anazama, asiyejua kuogelea asijitose. Apige kelele za kuomba msaada, arushe kamba au dumu tupu lililozibwa, au anyooshe mti mrefu.

Aliyetolewa majini bila kupumua huhitaji hewa kwanza. Alazwe chali, kichwa kielekezwe nyuma, pua ibanwe, kisha apuliziwe pumzi 5 mdomoni. Kwa mtoto mchanga, kichwa kisielekezwe nyuma sana, na mdomo wa mwokoaji ufunike pua na mdomo wa mtoto kwa pamoja. Asipoonyesha dalili ya uhai, kifua kibonyezwe mara 30, zifuate pumzi 2, na mzunguko huo uendelee hadi apumue au msaada ufike. Kumning'iniza miguu juu au kumminya tumbo hupoteza muda, na huweza kuingiza matapishi mapafuni.

Anayepumua lakini hana fahamu alazwe ubavu. Nguo mbichi zivuliwe, afunikwe kwa kitenge au blanketi kavu, kwa kuwa maji hupoza mwili haraka kuliko hewa, hata pasipo barafu.

Kila aliyehitaji kupuliziwa pumzi, anayekohoa au anayehema kwa shida afikishwe kituo cha afya, hata akionekana amepona. Mapafu huweza kushindwa saa kadhaa baadaye. Mhudumu apime kiwango cha oksijeni, ampe oksijeni ikihitajika, na amwangalie kwa angalau saa 6 kabla ya kumruhusu.

Kiangazi ndicho kipindi cha kufukia mashimo. Mvua zikisharudi, kazi hiyo huwa imechelewa.