Kayongo na Funza wa Mahindi: Maadui Wawili, Dawa Moja

Mkulima wa skimu anapoliona ua la kayongo, lile la zambarau lipendezalo macho, mahindi yake yamekwisha kuibiwa. Gugu hili, ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita kiduha, hukaa chini ya udongo kwa majuma kadhaa likinyonya mizizi ya mahindi kabla ya kuchomoza. Mahindi hudumaa na kugeuka manjano kama yaliyokosa mvua, na mwenye shamba humlaumu aliyemwuzia mbegu.

Mmea mmoja wa kayongo waweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000, ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa hai udongoni miaka 10 na zaidi. Hazioti ovyo, hungoja. Mzizi wa mahindi, mtama au wimbi ukipita karibu, hutoa kemikali, na hiyo ndiyo ishara ya kuziamsha. Kwa nini mmea ujisaliti hivyo? Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba mimea hutoa kemikali za namna hiyo ili kuziita kuvu njema za udongoni, ambazo huisaidia mizizi kupata fosfeti. Kayongo huitikia wito usiokuwa wake. Tena, mmea wenye njaa ya fosfeti huita kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu shamba linalopandwa mahindi juu ya mahindi kila mwaka, bila samadi, huzidi kujaa kayongo.

Adui wa pili ni funza atoboaye mabua. Nondo wake hutaga mayai juu ya majani usiku, na funza wakianguliwa huingia ndani ya bua, ambako dawa ya kunyunyiza haiwafikii kwa urahisi. Wako wa asili ya Afrika, na wako wengine waliotoka Asia.

Sasa tutazame dawa. Katika kituo cha icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wataalamu walitafuta nyasi ambazo nondo huzipenda kuliko mahindi, na mimea ambayo huichukia. Wakulima walianza kujaribu mpango huo katika mashamba yao mwaka 1997, wengine wakiwa Trans Nzoia. Huitwa Vuta-Sukuma. Nyasi za nepia hupandwa kuzunguka shamba. Harufu yake huwavuta nondo usiku, nao hutaga humo. Funza wakijaribu kutoboa bua la nepia, hutoka utomvu unaonata, na wengi hufa. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, ambao harufu yake huwasukuma nondo.

Desmodiamu ilipandwa kwa ajili ya nondo tu, lakini ilionekana kwamba penye desmodiamu kayongo pia hupungua sana. Mizizi yake hutoa kemikali za namna mbili: moja huziamsha mbegu za kayongo, nyingine huzizuia zisishike mizizi ya mahindi. Mbegu huota, hukosa chakula, hufa. Kwa hiyo akiba ya mbegu udongoni hupungua msimu baada ya msimu, jambo ambalo jembe peke yake haliwezi kulifanya. Juu ya hayo desmodiamu huongeza naitrojeni, hufunika udongo usichukuliwe na mvua, na ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa. Hata viwavijeshi wapya, walioingia Kenya mwaka 2017, wameonekana kuwa wachache katika mashamba ya namna hii.

Kupanda kwenyewe si kugumu. Weka mistari mitatu ya nepia kuzunguka shamba, kabla ya mahindi ikiwezekana. Mahindi yawe sentimita 75 mstari kwa mstari. Mbegu za desmodiamu ni ndogo sana, basi zichanganye na mchanga mkavu au mbolea ya fosfeti, uzimwage katika mfereji mwembamba katikati ya mistari, na kuzifunika kidogo tu. Palilia mara mbili mwanzoni kwa mkono na kwa uangalifu, kwa maana desmodiamu changa hufanana na magugu, na vibarua wengi huing'oa. Msimu wa kwanza hukua polepole, usikate tamaa. Ikishika, hukaa miaka mingi: kila msimu unaikata tu na kupanda mahindi katika nafasi zake.

Akina mama wengi huuliza, na wana haki kuuliza: maharagwe yatakwenda wapi? Yaweza kupandwa katika shimo moja na mahindi, au kati ya shina na shina katika mstari uleule. Mavuno yake hayatakuwa kama ya shamba la maharagwe matupu.

Ng'ombe wasiachwe waingie shambani baada ya mavuno, maana watakula desmodiamu mpaka mizizi. Wakatie, uwapelekee zizini. Nepia nayo usiikate mistari yote kwa siku moja, ama nondo watarudi kwenye mahindi. Kayongo inayochomoza bado ing'oe kabla haijatoa mbegu, uichome moto. Usiwape ng'ombe, kwani mbegu hupita tumboni na kurudi shambani pamoja na samadi. Na ikiwa bei ya mbegu za desmodiamu inakushinda, mwombe jirani aliye nayo vipande vya shina lake wakati wa mvua, uvipande. Huota vizuri.